Pua ya Mtemi

Nilipozaliwa Kayenze, nyuma ya chanja za dagaa,
Mtemi Luhende alipita na pikipiki yake nyekundu,
akanifunua khanga usoni, akacheka:
"Pua hii ni yangu."
Basi.
Siku ya tatu akaletwa beberu mweusi tii,
na wazee wa baraza, wale banang'oma wenye fimbo za mpingo,
wakamla mpaka kwato.

Hakuna aliyemuuliza mama kitu.
Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtemi mwenye ngole nyumbani
aijue njia ya kibanda chetu gizani, bila tochi.
Walisema fahali hachungwi.
Nansio tuko watatu, Kome wawili, wa Igombe ni padri,
na kila mmoja ana mbuzi wake wa kusimulia.
Padri hucheka akisimulia wa kwake. Alikuwa anachechemea.

Ngole Nyanzobe alizaa mara moja.
Alimzaa Kishosha,
na mtoto hajakauka kitovu, masikio yake yakaanza safari:
yalifika kisimani, yakapanda kivuko,
yakauzwa mwaloni Kirumba kwa fungu, pamoja na sato.
"Masikio gani yale? Ni ya fundi cherehani wa Makoroboi,
aliyemshonea ngole magauni manne ya Krismasi.
Manne! Mtu ana miili mingapi?"

Ngole hakujibu. Aliyavaa yote manne kwa zamu
hadi yakachanika makwapani.

Mwaka huu Luhende amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, chini.
Kiti ki wazi. Na wazee
ambao hawajawahi kupima hata sukari yao
wamegundua sayansi.
"Kitanda hakizai haramu," wanasema, "lakini kiti si kitanda."
Wanataka mate ya Kishosha kwenye kichupa.
Mwalimu wa hesabu, miaka thelathini na mmoja,
aliyembeba mtemi mgongoni kwenda chooni
miezi yote ile sisi wenye pua tulipokuwa mbali na sababu zetu.
Eti ateme mate ndipo awe mwana.

Mtu wa maabara akasema: marehemu hatemi.
Nipeni mtoto wake mwingine, asiye na shaka.
Baraza zima likageuka
likanitazama puani.

Nisikilizeni, maana sitarudia,
na nawaambia hapa tu kwa kuwa karatasi haina mdomo.
Mama, usiku wa mwisho, ziwa limechafuka, bati linapiga kelele,
alinishika pua kwa vidole viwili kama anayezima mshumaa:
"Hii ni ya Bwire, mchonga mitumbwi wa Ukara.
Luhende alisema yake, nami nilikuwa na njaa.
Mbuzi ni mbuzi."

Zamani, kabla ya karani na daftari lake,
kiti kilimfuata mtoto wa dada.
Tumbo lina mashahidi wengi.
Pua ilikuwa na shahidi mmoja, na alikuwa amelewa.

Nikitema, Kishosha atakosa baba
kwa mizani ya mtu asiye wa baba huyo.
Nikisema, watamfukua mama kwa midomo,
atembezwe mwaloni kama yale masikio,
na beberu wangu, aliyeliwa miaka arobaini iliyopita,
atadaiwa.
Luhende peke yake hadaiwi kitu. Hata na kifo
hakuna aliyesema: huyu mume alikuwa wapi usiku?

Kichupa kilikuwa na kifuniko cha buluu.
Ngole alikaa ukutani, kwenye gauni lenye kiraka kwapani,
akaniangalia, si puani. Machoni.
"Kinywa kimekauka, wazee," nikasema.
Wakangoja. Nje mtu alikuwa anapara samaki,
magamba yanagonga sufuria.
Ngole akanyanyuka, akanimiminia maji kwenye kikombe cha bati,
akayanywa yeye.